Mtandao wa Maabara za Afya ya Umma katika Visiwa vya Pasifiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa nini nchi za visiwa zinahitaji mtandao? Kwa nini kila nchi isijenge maabara yake kamili?

Kwa sababu hesabu haikubali. Tuvalu ina watu wapatao 11,000, idadi ambayo katika miji mingi ya Afrika Mashariki ni ya kata moja tu. Maabara inayoweza kupima kila kirusi, kuotesha bakteria wa kifua kikuu na kusoma mfuatano wa vinasaba inahitaji vyumba vyenye hewa inayodhibitiwa, majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, mafundi wa kuyatengeneza na wataalamu wanaopata sampuli za kutosha ili mikono yao isisahau kazi. Kipimo kinachofanywa mara mbili kwa mwaka hufanywa vibaya, hata kama mashine ni mpya na aliyepo kazini ni hodari. Kwa hiyo swali ambalo nchi ndogo inapaswa kujiuliza ni lipi lazima lijulikane hapahapa leo, na lipi linaweza kungoja ndege ya Alhamisi.

Jiografia nayo ina lake. Kiribati imetawanyika katika visiwa 33 juu ya eneo la bahari la takriban kilomita za mraba milioni 3.5. Kutoka Tarawa, makao makuu, hadi kisiwa cha Kiritimati ni kama kilomita 3,200, umbali unaozidi ule wa kutoka Mombasa hadi Kinshasa, na nchi bado ni ileile moja.

Mtandao uliopo ulianza lini, na nani anausimamia?

Mwaka 1996 nchi na maeneo ya visiwa, pamoja na Jumuiya ya Pasifiki na Shirika la Afya Duniani, ziliunda Mtandao wa Ufuatiliaji wa Afya ya Umma wa Pasifiki, unaofahamika kwa kifupi kama PPHSN. Jumuiya ya Pasifiki, ambayo ilianzishwa mwaka 1947 na ina makao yake Noumea huko New Caledonia, ndiyo inayoratibu kazi za kila siku, na nchi na maeneo 22 ya visiwa yamo ndani. Ndani ya chombo hicho kuna matawi: PacNet kwa ajili ya kupashana habari za milipuko, EpiNet kwa ajili ya timu za kukabiliana nayo, na LabNet, tawi la maabara lililoanza mwaka 2000.

Inafaa kutambua kwamba LabNet haimiliki maabara hata moja. Maabara ni mali ya serikali husika au taasisi husika, na kinachoziunganisha ni makubaliano, mazoea na watu wanaofahamiana kwa majina. Hapo ndipo palipo nguvu ya mtandao huu, na udhaifu wake pia uko hapohapo, kwa kuwa ofisa mmoja akistaafu, uhusiano uliojengwa kwa miaka 10 unaweza kuondoka naye.

Ngazi za maabara zimepangwaje?

Ngazi ya kwanza ni maabara ya taifa ya kila nchi, ambayo mara nyingi ni maabara ya hospitali kuu inayobeba pia mzigo wa afya ya umma. Mtaalamu anayepima sukari ya mama mjamzito saa 3 asubuhi ndiye anayetarajiwa kugundua mlipuko saa 9 alasiri. Ngazi ya pili ni maabara chache za kanda: ile ya Mataika House mjini Suva, Fiji, maabara ya afya ya umma ya Guam, Institut Louis Malardé ya Polinesia ya Kifaransa, na Institut Pasteur ya New Caledonia. Ngazi ya tatu ni maabara za rufaa zilizo nje ya visiwa, hasa Melbourne nchini Australia, Wellington na viunga vyake nchini New Zealand, Hawaii, na za Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC.

Ukiangalia orodha hiyo utaona historia ya ukoloni imejichora humo. Visiwa vilivyo chini ya Marekani au vyenye mkataba nayo huelekeza sampuli zake Guam na Hawaii, vile vya Kifaransa hutazama Noumea, Papeete na Paris, na vilivyobaki hutazama Suva, Wellington na Melbourne. Wapo wanaoona hilo kuwa kasoro ya kurekebishwa. Kwa maoni yetu ndege ndizo zinazoamua zaidi kuliko bendera, maana sampuli hufuata njia ya ndege iliyopo, na njia hizo zimefuata historia ileile.

Je, kuna tukio linaloonyesha faida ya ngazi hizo?

Lipo, na linawahusu pia wasomaji wa Afrika Mashariki. Mwaka 2007, katika kisiwa cha Yap huko Mikronesia, watu walianza kufika hospitalini wakiwa na vipele, macho mekundu, maumivu ya viungo na homa isiyo kali. Vipimo vya haraka vya homa ya dengue, ambayo Watanzania huiita pia kidingapopo, vilitoa majibu chanya kwa baadhi yao. Ingekuwa rahisi kuandika “dengue” na kufunga faili. Lakini waganga waliokuwa wakiwaona wagonjwa hao waliona kwamba ugonjwa huu haufanani na dengue waliyoizoea, wakapeleka sampuli za damu hadi maabara ya CDC huko Fort Collins, jimbo la Colorado. Huko ikagundulika kwamba ni kirusi cha Zika, ambacho kabla ya hapo hakikuwahi kusababisha mlipuko nje ya Afrika na Asia. Uchunguzi uliofuata ulikadiria kwamba asilimia 73 ya wakazi wa Yap wenye umri wa miaka 3 na kuendelea walikuwa wameambukizwa.

Kirusi hicho kilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1947 katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe nchini Uganda. Chikungunya, ambayo pia imevisumbua visiwa vya Pasifiki, ina jina linalotokana na Kimakonde, kufuatia mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953 kusini mwa Tanzania. Kwa hiyo katika homa tatu kubwa za mbu zinazopimwa leo Papeete na Suva, mbili zilipata majina yao kwetu.

Tukirudi kwenye maabara, kilichofanya kazi Yap ni shaka ya mganga pamoja na njia ya kuipeleka shaka hiyo mahali penye jibu. Kipimo cha haraka cha kingamwili hakikuwa na kosa la kiufundi, kwani virusi vya dengue na Zika ni vya ukoo mmoja na kingamwili zake huchanganyana. Maabara ya ngazi ya kwanza haikuhitaji kujua Zika. Ilihitaji kujua kwamba haijui, na kujua anwani ya anayejua.

Sampuli husafirishwa vipi hasa?

Hili ndilo swali ambalo vikao vingi hulipita haraka, ilhali ndilo linalokula muda wa watu wa maabara. Kwanza, sampuli huwekwa ndani ya chombo kisichovuja. Chombo hicho hufungwa kwa kitu cha kunyonya maji kinachotosha kunyonya kimiminika chote iwapo kitapasuka, kisha huingizwa katika chombo cha pili kisichovuja, na vyote huwekwa ndani ya boksi gumu la nje lenye alama ya pembe nne iliyosimama kwa ncha na maandishi UN3373, ambayo ni ya sampuli za uchunguzi za kundi B. Kama kuna barafu kavu, alama nyingine huongezwa, uzito wa barafu huandikwa kwa nje, na boksi huachiwa nafasi ya kupumua, kwa sababu barafu kavu hugeuka kuwa gesi na boksi lililozibwa kabisa linaweza kupasuka.

Baada ya hapo huanza makaratasi. Sampuli zinazodhaniwa kuwa na vimelea vya kundi A, yaani hatari zaidi, hazifungwi na mtu asiye na cheti cha kusafirisha vitu vya hatari, na cheti hicho hudumu miezi 24 tu. Katika nchi yenye wataalamu watano wa maabara, wenye cheti wanaweza kuwa wawili, na mmoja wao akiwa likizo huku cha mwenzake kimeisha mwezi uliopita, boksi halitoki. Nchi inayopokea hudai kibali cha kuingiza vitu vya kibiolojia. Shirika la ndege lina haki ya kukataa, na ndege ndogo inayotua mara mbili kwa wiki inaweza kupunguza mizigo ikizidiwa uzito. Boksi likibaki uwanjani kuanzia Jumanne hadi Ijumaa katika joto la nyuzi 31, kinachofika Melbourne huenda kikawa damu iliyoharibika, na jibu litakalorudi ni “sampuli haifai”.

Sisi tuliozoea kuona sampuli zikipakiwa kwenye pikipiki na mabasi tunaweza kudhani tatizo ni dogo. Basi likikosekana leo, kesho lipo. Kisiwa hakina basi la kesho.

Ndiyo maana jitihada zenye faida kubwa kuliko zote zimekuwa za kawaida mno: kuweka akiba ya maboksi yenye viwango katika kila kisiwa, kufundisha watu zaidi ya mmoja, kupata vibali vya muda mrefu mapema badala ya kuviomba katikati ya mlipuko, kuzungumza na mashirika ya ndege wakati wa amani, na kutumia karatasi maalumu ambazo tone la damu hukaushwa juu yake na kusafirishwa bila barafu kwa vipimo vinavyoruhusu njia hiyo.

Janga la UVIKO-19 lilibadilisha nini?

Lilibadilisha mengi kwa muda mfupi. Mwanzoni mwa mwaka 2020, sampuli za watu waliodhaniwa kuambukizwa nchini Fiji zilikuwa zikipelekwa Melbourne. Mwezi Machi maabara ya Fiji ilianza kupima yenyewe, na tarehe 19 mwezi huohuo ikatangazwa kesi ya kwanza nchini humo. Visiwa vingi vidogo havikuwa na uwezo wa kujenga maabara ya vinasaba kwa kasi hiyo, lakini vilikuwa na kitu ambacho hakikutarajiwa: mashine za GeneXpert zilizoletwa kwa ajili ya kifua kikuu. Mashine hiyo hutumia katriji iliyofungwa, ambayo mtaalamu huingiza sampuli ndani yake, hufunika, huiweka kwenye chumba chake na kusubiri kama dakika 45. Katriji ya UVIKO-19 iliporuhusiwa kutumika mwezi Machi 2020, nchi ambazo hazikuwa na chochote zilijikuta na maabara ya vinasaba juu ya meza.

Hata hivyo uwezo huo una mipaka. Mashine yenye vyumba vinne inapima sampuli nne kwa wakati mmoja, hivyo zamu ya saa 8 haizidi sampuli 40 hivi, na hiyo ni ikiwa hakuna kinachokwama. Katriji zilikuwa adimu duniani kote, na nchi ndogo hazina sauti katika foleni ya wanunuzi. Hapo ununuzi na mgawo wa pamoja, ulioratibiwa kupitia Suva na washirika wa kanda, ulionyesha maana ya kuwa mtandao. Tena, kila katriji iliyotumika kwa UVIKO-19 ilitumia nafasi ya mashine iliyowekwa kwa ajili ya mgonjwa wa kifua kikuu, jambo ambalo halikuzungumzwa vya kutosha.

Mfano wa manufaa yake ni Kiribati, Januari 2022. Ndege ya kwanza ya abiria baada ya mipaka kufungwa kwa muda mrefu ilitoka Fiji ikiwa na abiria 54, na 36 kati yao walikutwa na maambukizi wakiwa karantini. Serikali ilijua hilo kwa kupima palepale, bila kungoja ndege nyingine ipeleke sampuli ng’ambo.

Mlipuko wa surua wa Samoa mwaka 2019 ulifundisha nini kuhusu maabara?

Mlipuko ulitangazwa Oktoba 2019, hali ya dharura ikatangazwa Novemba, na hadi ulipodhibitiwa kulikuwa na wagonjwa zaidi ya 5,700 na vifo 83, wengi wao watoto wadogo, katika nchi ya watu kama 200,000. Chanzo kikuu kilikuwa kiwango duni cha chanjo, kilichoporomoka zaidi baada ya watoto wawili kufariki mwaka 2018 kwa kuchomwa chanjo iliyochanganywa kimakosa na dawa nyingine. Maabara isingeweza kuzuia hilo.

Bado kuna somo la kimaabara, na ni kwamba maabara hufaa zaidi mwanzoni na mwishoni mwa mlipuko. Wagonjwa wa kwanza lazima wathibitishwe haraka ili chanjo ianze bila mabishano. Mlipuko ukishatanda, mtoto mwenye vipele na homa aliyekaa nyumba moja na mgonjwa aliyethibitishwa huhesabiwa kuwa na surua bila kipimo, na kuendelea kurundika sampuli ni kuwachosha wafanyakazi bure. Kisha mwishoni, kila anayedhaniwa kuwa na surua anapaswa kupimwa tena ili ijulikane kama maambukizi yamekoma kweli. Mtandao mzuri huwa na makubaliano ya wazi juu ya lini kuacha kutuma sampuli.

Ubora wa majibu unahakikishwaje?

Kwa kupima wapimaji. Kituo cha mafunzo ya maabara cha Pasifiki kilichopo Wellington, kinachojulikana kama PPTC, huzitumia maabara za visiwa sampuli ambazo kituo kinajua majibu yake na maabara haziyajui, katika nyanja kama mikrobiolojia, damu, biokemia na uongezaji damu. Maabara hupima, hurudisha majibu, na hupewa alama pamoja na maelezo ya kosa lilipotokea. Kipimo cha nje cha namna hii humvua nguo mwenye maabara, na ndiyo maana namna ya kurudisha matokeo ni muhimu kuliko alama zenyewe. Maabara inayoaibishwa hujifunza kuficha. Huku ithibati kamili ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, ikiwa lengo la maabara chache kubwa, zile ndogo hupanda ngazi kwa ngazi: kwanza daftari la joto la jokofu lijazwe kila siku, kisha maelekezo ya kila kipimo yaandikwe na yasomwe, kisha makosa yaandikwe bila mtu kuadhibiwa.

Vipi kuhusu watu? Je, wataalamu wanatosha?

Hawatoshi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Fiji, kwa kupitia chuo chake cha tiba mjini Suva, kinafundisha wengi wa kanda hiyo, na PPTC hutoa stashahada kwa njia ya masafa ili mtu asome bila kuiacha meza yake tupu. Tatizo ni kwamba aliyehitimu vizuri anahitajika pia Auckland na Brisbane, kwa mshahara ambao serikali ya visiwani haiwezi kushindana nao. Kumlaumu anayeondoka si haki. Kinachoweza kufanyika ni kuwafundisha wawili pale anapohitajika mmoja, kumpandisha cheo mtaalamu wa maabara katika muundo wa utumishi ili asibaki chini ya kila kada nyingine, na kuwa na orodha ya wataalamu wa kanda wanaoweza kupanda ndege kwenda kusaidia jirani ndani ya siku chache.

Je, mashine za msaada ni baraka au mzigo?

Zote mbili, na mara nyingi mzigo huanza pale dhamana inapoisha. Fundi wa karibu yuko nchi nyingine, vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vinauzwa na kampuni moja tu, na kiasi kidogo kabisa kinachouzwa kwa mara moja kinazidi mahitaji ya kisiwa ya mwaka mzima, kwa hiyo nusu ya boksi huisha muda kabatini. Ushauri wetu ni mkali kidogo: wizara iwe na ujasiri wa kukataa mashine isiyofanana na za majirani. Nchi sita zikitumia aina moja ya mashine, zinaweza kuazimana katriji, kumlipa fundi mmoja azizungukie zote, na mtaalamu wa Tonga akatua Tuvalu asubuhi na kuanza kazi mchana.

Vimbunga, umeme na mawasiliano vinaathirije kazi?

Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga-Hunga Ha’apai ililipuka, majivu yakafunika Tonga, na nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zikakatika. Wiki chache tu baadaye, kabla kisiwa kikuu hakijarudishiwa mawasiliano hayo, UVIKO-19 uliingia nchini humo. Mfumo wa majibu unaotegemea intaneti peke yake ungekuwa umekufa siku ya kwanza. Maabara ya kisiwani inahitaji jenereta yenye mafuta, simu ya setilaiti, fomu za karatasi zilizochapishwa tayari, na mtu anayejua kuzijaza.

Je, usomaji wa vinasaba ufanyike visiwani?

Kwa sasa, kwa nchi chache tu. Fiji ilipopigwa na wimbi la aina ya Delta ya kirusi cha UVIKO-19 mwaka 2021, sampuli zilisomwa Melbourne. Kujenga uwezo huo Suva au Noumea kuna mantiki, lakini katika kisiwa cha watu 12,000 fedha hizo zingefaa zaidi kuwekwa kwenye jokofu lisilozimika.

Nani analipa?

Serikali za visiwa hulipa mishahara na majengo. Sehemu kubwa ya vipimo vya milipuko, mafunzo na usafirishaji wa nje hutegemea Australia, New Zealand, Ufaransa, Marekani na mashirika ya kimataifa, mara nyingi kwa miradi yenye mwanzo na mwisho. Mlipuko haufuati kalenda ya mradi, kwa hiyo gharama ya kusafirisha sampuli, ambayo ni ndogo lakini haikomi, ingepaswa kuwa kifungu cha kudumu katika bajeti ya kila wizara.

Kuna ulinganifu wowote na Afrika Mashariki?

Upo. Mradi wa mtandao wa maabara za afya ya umma wa Afrika Mashariki, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2010, uliziunganisha Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, na Burundi ikajiunga baadaye. Wataalamu wa nchi moja walikwenda kukagua maabara za nchi jirani, na kila nchi ilipewa jambo la kuongoza. Ukaguzi wa jirani kwa jirani ni jambo ambalo Pasifiki inaweza kulitumia zaidi. Kinachotutofautisha ni barabara, kwani kwetu maabara ya kuhamishika hupakiwa kwenye gari na kupelekwa mpakani.

Maabara iliyo mbali kabisa ina nafasi gani katika mtandao?

Chukua Tokelau: atoli tatu, watu wapatao 1,500, hakuna uwanja wa ndege, na safari kutoka Apia nchini Samoa ni ya meli inayochukua zaidi ya siku nzima. Hapo haitarajiwi kuwepo maabara ya virusi. Kinachotarajiwa ni muuguzi anayejua dalili nne au tano za kuripoti kila wiki, kama vile homa yenye vipele na kuhara kwa wengi. Vipimo vichache vya haraka ambavyo muda wake haujaisha. Boksi la kufungia sampuli lililo tayari rafuni. Ratiba ya meli iliyobandikwa ukutani. Na namba ya mtu wa maabara huko Apia atakayepokea simu hata usiku wa Jumamosi.